SOMO: SAFARI ZA KAZI NA AFYA YA KATIBU

Katibu wa chama cha msingi hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika mambo mawili: kuketi mezani na kuketi garini. Msimu wa mazao ukianza, hukaa na stakabadhi tangu asubuhi mpaka taa iwashwe. Msimu ukiisha, huitwa kwenye mikutano ya chama kikuu, ukaguzi wa hesabu, mafunzo, na mazungumzo ya mikopo na mabenki. Wanachama humwona kuwa mtu asiyetulia, nao hudhani kwamba mwenye safari nyingi hawezi kukosa mazoezi. Dhana hiyo si sahihi. Kinachokwenda ni gari, katibu ameketi.

Zamani katibu alizunguka kwa miguu au kwa baiskeli kuwaarifu wanachama habari za mkutano. Leo simu ya mkononi hupeleka habari kwa dakika moja, malipo hupitia simu hiyo hiyo, na pikipiki humfikisha mtu mlangoni pa ofisi. Mambo haya yameokoa muda wa vyama, wala hakuna sababu ya kuyakataa. Lakini yameondoa mwendo katika kazi ya katibu bila ya mtu yeyote kuamua hivyo. Kwa hiyo mwendo huo hauna budi kurudishwa kwa kuamua.

Ushahidi wa mabasi ya London

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa. Dereva aliketi karibu saa zote za kazi, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akitoza nauli. Watu hawa walikuwa katika basi moja na njia moja. Hata hivyo, maradhi ya moyo yaliwapata makondakta wachache kuliko madereva. Tena yalipowapata, yalikuja katika umri mkubwa zaidi na ukali wake ulikuwa mdogo.

Morris hakuridhika upesi. Alitazama vipimo vya sare za wafanyakazi hao, akaona kwamba madereva walikuwa wanene zaidi kiunoni hata kabla hawajazeeka kazini. Basi huenda tofauti nyingine zilikuwapo tangu mwanzo. Lakini kwa wafanyakazi wa posta pia ilionekana kwamba waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walipatwa na maradhi hayo kwa uchache kuliko makarani walioketi ofisini. Uchunguzi mwingi uliofuata katika nchi mbalimbali umethibitisha jambo hilo. Katibu anayetaka kujua nafasi yake katika basi lile la London na ajiulize: je, yeye ni dereva au kondakta?

Hatari ya kuketi muda mrefu njiani

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na abiria wa basi huketi kutwa nzima. Miguu inapokaa bila kujongea, damu hupanda kwa uvivu kurudi moyoni, nayo huweza kuganda katika mishipa ya ndani ya mguu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, gari moshi, basi au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kiasi cha mtu 1 katika 6,000. Lakini huwa kubwa zaidi kwa aliyewahi kugandwa na damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mja mzito, au mtu mnene sana. Hao yafaa wamwone daktari kabla ya safari ndefu.

Kinga yake haina gharama:

1. Basi likisimama, katibu ashuke na kutembea, hata kama hana haja ya kununua kitu.
2. Akiwa kitini, akunje na kukunjua nyayo na vifundo vya miguu mara kwa mara.
3. Anywe maji ya kutosha wala asiyaogope kwa sababu ya uhaba wa vyoo, aepuke pombe.
4. Mizigo isiwekwe miguuni ikamnyima nafasi ya kunyoosha miguu.

Mguu mmoja ukivimba na shavu lake kuuma baada ya safari, au mtu akipatwa na pumzi fupi na maumivu ya kifua, si jambo la kungojea kesho. Aende hospitali mara moja.

Hesabu ya juma moja

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Kutembea kwa haraka kidogo kunatosha: mtu aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Dakika hizo zaweza kugawanywa vipande vipande.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba katibu amesafiri Jumatatu na kurudi Alhamisi. Jumanne na Jumatano alitembea kutoka nyumba ya wageni hadi mkutanoni, dakika 20 kwenda na 20 kurudi. Ijumaa alikwenda ofisini kwake kwa miguu vivyo hivyo, na Jumamosi alikwenda kutazama mashamba ya wanachama. Jumla ni 40 mara 4, yaani dakika 160. Juma la safari limefunga hesabu bila deni. Dakika za vituo vya basi hazikuingizwa; kazi yake ni kuamsha mwendo wa damu.

Wajibu wa kamati

Afya ya katibu si jambo lake peke yake. Katibu aliyefika alfajiri baada ya usiku mzima njiani, kisha akaketi saa tatu asubuhi kusoma mkataba wa pembejeo, husoma kwa macho mazito. Tarakimu moja ikimponyoka, watakaolipa ni wanachama wote. Na akipatwa na kiharusi katikati ya msimu, hakuna mwingine ajuaye madaftari yalipoishia. Kamati inayokataa kulipia usiku mmoja wa mapumziko imeweka akiba ndogo na kukaribisha hasara kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo kamati iunganishe safari zinazoweza kuunganishwa, imwezeshe katibu kufika siku moja kabla ya shughuli, na ihakikishe kwamba mtu wa pili anafundishwa kazi.

Maswali ya majadiliano

1. Katibu wetu alisafiri mara ngapi msimu uliopita, na ni safari zipi zingeweza kuunganishwa?
2. Mikutano yetu huchukua saa ngapi bila ya watu kusimama?
3. Katibu akiugua leo, ni nani atakayefungua ofisi kesho?