SOMO LA KUMI NA NNE: KUPIMA AFYA YA KIJIJI

Umekwisha kujifunza kupima urefu, uzito na joto. Unaweza kupima urefu wa dawati lako kwa rula, na joto la mgonjwa kwa kipimajoto. Je, afya ya kijiji kizima hupimwa kwa chombo gani? Kijiji hakina kwapa la kutilia kipimajoto. Wala haitoshi kuwauliza watu, "Hamjambo?" Katika nchi yetu kila mtu hujibu, "Hatujambo," hata yule aliyeamka na homa.

Katika somo hili utajifunza njia moja iliyotumiwa na wanakijiji wa Tanzania kujua afya yao ilivyo na kuiboresha. Chombo chao kikuu kilikuwa mizani.

Kwa nini hupimwa watoto wadogo

Mtu mzima akikosa chakula cha kutosha kwa mwezi mmoja, huenda usitambue kwa kumtazama. Mtoto mchanga hawezi kuficha. Mtoto huzaliwa akiwa na kilo 3 hivi. Akinyonya vizuri na asipougua, uzito wake huwa mara mbili kabla ya kutimiza nusu mwaka, na karibu mara tatu atimizapo mwaka mmoja. Mwili ukuao kwa kasi namna hiyo huhitaji chakula kila siku. Chakula kikipungua, au mtoto akiharisha, au akipata malaria, kukua kwake husimama mara moja, na mizani huonyesha.

Kwa hiyo watoto walio chini ya miaka 5 ni kama kioo cha kijiji. Uzito wao hutueleza habari za mashamba, maji, vyoo, magonjwa na kazi za mama zao, ingawa hatukuvipima vitu hivyo chochote.

Uzito na umri

Kilo 8 ni uzito mzuri au mbaya? Swali hili halina jibu mpaka tujue umri wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 ni uzito mzuri sana. Kwa mtoto wa miaka 2 ni uzito wa kutisha. Ndiyo maana kadi ya kliniki ina mistari miwili ya kupimia: mmoja wa umri, uendao kulia, na mwingine wa uzito, uendao juu. Kila mtoto apimwapo, muuguzi hutia nukta mahali umri na uzito vinapokutana. Nukta hizo huunganishwa kwa mstari.

Tazama mstari, usitazame nukta moja. Hawa hapa watoto wawili wa mfano:

Mtoto wa kwanza: miezi 9, kilo 8.0, miezi 12, kilo 8.0; miezi 15, kilo 7.6.
Mtoto wa pili: miezi 9, kilo 7.0, miezi 12, kilo 7.7, miezi 15, kilo 8.3.

Katika miezi 9 mtoto wa kwanza ndiye aliyekuwa mzito zaidi. Lakini mstari wake ulilala, kisha ukashuka. Huyo ndiye wa kushughulikiwa leo, wala si kesho. Wanafunzi wa sekondari nao hukosea hapa: humtafuta mtoto mwepesi kuliko wote na kumsahau yule anayeshuka.

Habari za mkoa wa Iringa

Mkoa wa Iringa umo katika Nyanda za Juu Kusini. Ni mmoja wa mikoa inayojulikana kwa mahindi mengi. Mwaka 1983 ulianzishwa huko mpango wa lishe wa Serikali ya Tanzania, ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia. Mpango huo ulianza katika vijiji 168.

Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilifanya siku ya afya. Mizani ilitundikwa, na akina mama wakawaleta watoto wao wote walio chini ya miaka 5. Kadi za wakati huo zilikuwa na rangi tatu. Mtoto aliyefikia asilimia 80 au zaidi ya uzito wa kulinganishia aliingia katika rangi ya kijani. Aliyekuwa kati ya asilimia 60 na 80 aliingia katika rangi ya kijivu. Aliyekuwa chini ya asilimia 60 aliingia katika rangi nyekundu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, uzito wa kulinganishia ulikuwa karibu kilo 10. Kwa hiyo mtoto wa umri huo mwenye kilo 7 alikuwa katika kijivu, na mwenye kilo 5 na nusu katika nyekundu. (Vipimo vya kulinganishia vimebadilika tangu wakati huo. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya mwaka 2006.)

Mtoto aliye katika rangi nyekundu yumo hatarini kufa. Surua au kuhara, magonjwa ambayo mtoto aliyelishwa vyema huyashinda, huweza kumwua yeye kwa siku chache.

Vipimo vya mwanzo vilionyesha kwamba watoto wapatao 56 katika kila 100 walikuwa chini ya rangi ya kijani. Sita kati ya hao 56 walikuwa katika nyekundu. Jambo hili laweza kukustaajabisha. Mkoa una mahindi ghalani, na zaidi ya nusu ya watoto wana uzito pungufu! Mizani iliweza kusema kwamba kuna tatizo, lakini haikuweza kusema sababu yake. Kazi ya kutafuta sababu ni ya watu.

Kwa hiyo matokeo hayakuandikwa na kupelekwa mjini tu. Yalirudishwa kijijini, yakajadiliwa na halmashauri ya kijiji pamoja na wazazi. Nani ana mtoto katika nyekundu? Mtoto huyo hula mara ngapi kwa siku? Mama yake yuko wapi mchana? Majibu yalifanana katika vijiji vingi. Watoto wadogo walikula mara mbili tu kwa siku, kama watu wazima, kwa sababu mama zao walikuwa shambani, au njiani kutafuta maji na kuni. Tena chakula chenyewe kilikuwa uji mtupu wa mahindi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na hujaa haraka kwa uji huo kabla hajapata nguvu ya kumtosha. Mtoto alishiba na huku ana njaa.

Basi wanakijiji wakatenda. Vilifunguliwa vituo vya kulelea na kulishia watoto mchana, ili wale zaidi ya mara mbili. Kila kijiji kilichagua wahudumu wake wa afya, wakafunzwa kupima, kushauri na kutibu magonjwa madogo. Watoto walichanjwa. Uji uliongezwa karanga, maharage au mafuta. Baada ya miezi mitatu watoto walipimwa tena, ili ijulikane kama yaliyofanywa yalisaidia. Kama hayakusaidia, shauri lilifanywa upya.

Kufikia mwaka 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walikuwa wamepungua kutoka 56 hadi 38 katika kila 100. Wale wa rangi nyekundu walipungua kutoka asilimia 6.3 hadi asilimia 1.8. Kumbuka kuwa mizani haikumnenepesha mtoto hata mmoja. Mtoto huweza kupimwa mara mia na kubaki mwembamba, ikiwa hakuna mtu anayeuliza swali baada ya kupima.

Wale wasiofika

Sasa tufanye hesabu. Hesabu hii ni ya mfano. Si ya kijiji fulani.

Kijiji kina watoto 120 walio chini ya miaka 5. Siku ya afya wanaletwa 90. Kati yao, 18 wana uzito pungufu.

18 ÷ 90 × 100 = asilimia 20

Mwenyekiti anafurahi na kutaka kufunga daftari. Lakini mhudumu wa afya anauliza, "Wako wapi wale 30?" Siku ya pili anabeba mizani yake na kupita nyumba kwa nyumba. Mtoto mmoja hakuletwa kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Mwingine anaishi na bibi yake, mbali, ng'ambo ya mto. Mwingine amevimba miguu kwa ugonjwa wa kwashakoo, na wazazi wake waliona aibu kumleta mbele ya watu. Katika watoto hao 30, wenye uzito pungufu ni 12.

12 ÷ 30 × 100 = asilimia 40

Kwa watoto wote wa kijiji, jumla ya wenye uzito pungufu ni 18 + 12 = 30.

30 ÷ 120 × 100 = asilimia 25

Unaona kwamba jibu la kwanza halikuwa la kweli, ingawa mizani ilikuwa nzima na hesabu ilikuwa sahihi. Wale wanaohitaji msaada zaidi mara nyingi ndio wasiofika kupimwa. Kwa hiyo, kabla ya kuamini asilimia yoyote, uliza kwanza ni watu gani hawakuhesabiwa.

JARIBIO: Uji na kimea

Kimea ni nafaka iliyooteshwa, kisha ikakaushwa na kusagwa. Akina mama wa Iringa walikijua kimea tangu zamani, kwa kuwa hutumiwa kupikia pombe. Katika mpango wa lishe, kimea hicho hicho kilipata kazi nyingine iliyo bora zaidi.

Vifaa: kikombe 1 cha ulezi, maji safi, kitambaa safi, unga wa mahindi, sufuria, mabakuli mawili, kijiko.

Njia: Chagua ulezi na kuuosha. Uloweke kwa usiku mmoja, kisha umwage maji na kuufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku 2 au 3 utaona machipukizi. Anika juani mpaka ukauke kabisa, pekecha ili machipukizi yatoke, kisha saga. Ulezi ukiota ukungu, utupe, usiutumie.

Mwombe mwalimu asimamie moto. Pika uji mzito sana wa mahindi, ambao kijiko chaweza kusimama ndani yake. Gawa sawasawa katika mabakuli mawili. Acha upoe mpaka uwe vuguvugu. Katika bakuli la kwanza tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Bakuli la pili likoroge bila kutia kitu. Ngoja dakika 10, kisha inamisha mabakuli yote mawili.

Utaona kwamba uji wenye kimea umekuwa mwepesi na unamiminika, ingawa hukuongeza maji hata tone. Uji wa bakuli la pili bado ni mzito.

Kwa nini? Unga wa mahindi una wanga mwingi. Wanga ukipikwa hufyonza maji na kuvimba, na uji huwa mzito. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ulio ndani yake, ili mche mchanga upate chakula. Vimeng'enya hivyo hivyo huvunja wanga wa uji katika vipande vidogo visivyoweza kushika maji. Uji ukichemka sana wakati wa kutia kimea, vimeng'enya huharibika na jaribio halifanikiwi. Ndiyo sababu tulingoja upoe.

Fikiri faida yake. Mama akitaka uji mwepesi anaweza kuongeza maji, lakini hapo kila kijiko cha uji huwa na unga mchache. Akitumia kimea, uji huwa mwepesi na unga ni ule ule. Mtoto mdogo humaliza kikombe kile kile na kupata nguvu nyingi zaidi. Uji wa kumpa mtoto uchemshwe tena baada ya kutiwa kimea, ili vijidudu vilivyomo katika unga wa kimea vife.

Urefu nao

Usidhani kwamba kazi ya Iringa ilikwisha mwaka 1988. Uzito hutueleza habari za miezi ya karibuni. Urefu hutueleza habari za miaka. Mtoto aliyekosa chakula bora kwa muda mrefu hubaki mfupi kuliko umri wake, hata kama si mwembamba. Hali hiyo huitwa udumavu. Mtoto mdumavu haonekani kuwa mgonjwa. Huchezacheza na wenzake, na watu husema kwamba amefanana na babu yake. Hatambuliwi mpaka apimwe kwa ubao wa urefu.

Upimaji uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 hivi katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa na udumavu. Katika mkoa wa Iringa walikuwa karibu 57 katika kila 100, wengi kuliko mkoa mwingine wowote. Mahindi yalikuwapo, kama yalivyokuwapo mwaka 1983. Wanakijiji wa leo wanatakiwa kuuliza maswali yale yale, pamoja na mengine mapya.

MASWALI

1. Kwa nini uzito wa watoto wadogo hutumiwa kupima afya ya kijiji kizima?

2. Mtoto A ana kilo 9 na mtoto B ana kilo 8. Ni habari gani nyingine unayohitaji kabla ya kusema nani ana afya bora?

3. Chora mistari ya watoto wawili wa mfano katika karatasi ya miraba. Mstari wa yupi unashuka?

4. Kijiji kina watoto 200. Waliopimwa ni 150, na 30 kati yao wana uzito pungufu. Hiyo ni asilimia ngapi ya waliopimwa? Kama nusu ya wasiopimwa nao wana uzito pungufu, asilimia ya kijiji kizima ni ngapi?

5. Katika jaribio la uji, bakuli la pili lilikuwa na kazi gani, ingawa halikutiwa kimea?

6. Ukiwa nyumbani, hesabu mara anazokula mtoto mdogo wa kwenu, au wa jirani kwa ruhusa ya mama yake, tangu asubuhi hadi usiku. Andika saa na chakula alichopewa. Leteni daftari zenu shuleni, na mzungumze na mwalimu: ni jambo gani moja ambalo darasa lenu lingeweza kuiomba halmashauri ya kijiji au mtaa ilitende kabla ya mwisho wa muhula?