Somo la Kiingereza kwa Wanaoanza: Tusiseme "Yes" Kabla ya Kuelewa

Wengi mmetuomba tuandike somo la Kiingereza kwa mtu ambaye hajui hata neno moja. Leo tunaanza. Hatutaanza na A, B, C, bali na neno ambalo kila mtu anadhani analijua tayari, nalo ndilo limetuletea taabu nyingi.

Kwanza tukumbushane kwa nini tunajifunza. Tulipokuwa Kongo, lugha ya shule na ya ofisi ilikuwa Kifaransa. Hapa Rwanda, mwezi wa Oktoba 2008, serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwishoni mwa 2019 ikatangaza kwamba kianze tangu darasa la kwanza la msingi. Watoto wetu huleta nyumbani madaftari ambayo sisi wazazi hatuwezi kuyasoma. Ni kweli, tangu 2017 Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda, na hapa Rusizi, kuanzia Butare na Bugarama mpaka soko la Kamembe, mtu anaweza kununua na kuuza kwa Kiswahili bila shida. Lakini fomu nyingi za wakimbizi zinaandikwa kwa Kiingereza.

1. Neno "Yes" na neno "No"

Dada mmoja wa kikundi chetu aliulizwa katika ofisi moja kama hajawahi kuandikishwa mahali pengine. Swali lilikuwa hivi: "You were not registered before?" Yeye akajibu "Yes", maana yake, ndiyo, ni kweli, sikuandikishwa. Mwandishi akaandika kwamba dada huyo aliwahi kuandikishwa. Kusahihisha neno hilo moja kulichukua miezi.

Je, dada alikosea nini? Alijibu Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Sisi tukiulizwa "Huumwi?" hujibu "Ndiyo, siumwi." Tunakubaliana na maneno ya muulizaji. Mwingereza hakubaliani na maneno, anatazama jambo lenyewe. Jambo likiwa lipo, husema "Yes". Likiwa halipo, husema "No", hata swali liulizwe namna gani. Tazama:

Swali: You are not sick? Huumwi?
Kama huumwi: No, I am not sick.
Kama unaumwa: Yes, I am sick.

Swali: You don't have children? Huna watoto?
Kama huna: No, I don't have children.
Kama unao: Yes, I have children.

Waliosoma Kifaransa watakumbuka kwamba asiye na watoto hujibu "Non, je n'en ai pas." Hapo Kiingereza na Kifaransa vinakwenda pamoja, na Kiswahili kinakwenda njia yake. Basi tuweke sheria hii: usijibu "Yes" peke yake wala "No" peke yake. Ongeza maneno yanayofuata, ili hata ukikosea neno la kwanza, la pili likuokoe.

2. "He" na "She"

Katika Kiswahili "yeye" ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinawatenga. Mwanamume ni "he", tamka hii. Mwanamke ni "she", tamka shii. Mama akisema kwa daktari, "My daughter is sick, he has fever," daktari anaweza kufikiri ni watoto wawili, msichana na mvulana. Aseme: "My daughter is sick. She has fever." Yaani, binti yangu anaumwa, ana homa.

Na miaka je? Sisi tunasema "nina miaka thelathini." Kiingereza hakisemi "I have thirty years." Husema "I am thirty", yaani mimi ni thelathini.

3. Majina ya jamaa

Hapa tuwe waangalifu sana. Kwetu ndugu ya baba ni baba, na mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Hiyo ndiyo heshima yetu na hatuiachi. Lakini ukisema "my father" leo kwa baba aliyekuzaa, na kesho "my father" kwa baba mdogo, karatasi yako itaonyesha baba wawili, nawe utaonekana mwongo. Shika maneno haya:

Father: baba aliyekuzaa.
Mother: mama aliyekuzaa.
Uncle: baba mdogo, baba mkubwa au mjomba.
Aunt: mama mdogo, mama mkubwa au shangazi.
Brother, sister: mliozaliwa na baba na mama mmoja. Mkichangia mzazi mmoja tu, sema hivyo.
Cousin: mtoto wa baba mdogo, wa mjomba au wa shangazi.
Nephew: mtoto wa kiume wa ndugu yako.
Niece: mtoto wa kike wa ndugu yako.

Kama unalea mtoto wa marehemu ndugu yako, usione haya kusema "nephew" au "niece". Neno hilo halipunguzi upendo. Linasema ukweli kwa namna ambayo ofisi inaielewa.

4. Sentensi tatu za kukariri wiki hii

I do not understand. Tamka: ai du not andastendi. Sielewi.
Please say it again. Tamka: plizi sei iti ageni. Tafadhali sema tena.
I need an interpreter. Tamka: ai nidi en intapreta. Nahitaji mkalimani.

Sentensi ya tatu si aibu. Katika mahojiano ya UNHCR mkimbizi anaweza kuomba mkalimani. Tena, kujua Kiingereza si mtihani wa kupelekwa nchi nyingine. Kinachotazamwa ni hatari na shida mtu aliyo nayo. Anayekuuzia masomo kwa ahadi ya safari anakudanganya, mkimbie.

Zoezi

Kikundi chetu hatuna ubao. Tunaandika kwa makaa nyuma ya katoni, na inatosha. Fanyeni wawili wawili. Mmoja aulize: "You are not married?" "You don't have a brother?" "You did not eat?" Mwingine ajibu ukweli wake kwa sentensi nzima. Kisha mbadilishane. Tena mwite mtoto wako wa shule awe mwalimu. Atafurahi, nawe utajua anasoma nini.

Wanaochanganya L na R wajizoeze pia: "rice" ni mchele, "lice" ni chawa. Anayetoka kununua mchele wa Bugarama asije akaomba kilo mbili za chawa!

Wapendwa, tumecheka wenyewe kwa wenyewe katika kujifunza, na tumekosea mara nyingi. Anayesema "sielewi" amekwisha kuanza kujifunza. Anayesema "yes" kwa kila kitu anawaachia wengine waandike maisha yake. Katika somo lijalo tutaendelea na tarehe, miezi na namba.

Amani iwe nanyi nyote.