Boti ya feni kwenye barafu: anza na tumbo, injini baadaye

Swali: Nataka boti ya feni ya kutumia kwenye ziwa linaloganda. Nitafute injini yenye nguvu kiasi gani?

Jibu: Injini isubiri, kwanza inama uangalie tumbo la boti. Chombo hiki, ambacho feni yake imefungwa tezi na hakina kitu kilichozama chini, huhitajika hasa pale barafu inapokuwa nene mno kwa feri na nyembamba mno kwa gari. Hali hiyo hutokea kati ya Bayfield na kisiwa cha Madeline, katika Ziwa Superior, Wisconsin, ambako vyombo vya feni vimekuwa vikivusha hata wanafunzi. Barafu ya aina hiyo hupasuka. Kwa hiyo kipimo cha boti ni kutumbukia kisha kupanda tena ukingoni, wala si mbio zake juu ya barafu imara. Omo iliyoinuka taratibu hupanda. Iliyosimama wima hugonga. Tumbo la alumini lililovikwa bamba la plastiki ngumu huteleza na kustahimili mikwaruzo; fibaglasi hupasuka upesi ikigongwa.

Swali: Injini kubwa si itaipandisha tu?

Jibu: Nguvu inahitajika, lakini injini kubwa huja na uzito wake na wa mafuta yake. Boti nzito huzama zaidi, na ukingo wa kupanda unazidi kuwa mrefu. Linganisha nguvu na uzito wa boti ikiwa imeshapakia. Kumbuka pia kwamba haina breki. Ukiachia mafuta juu ya barafu, inaendelea kuteleza. Dereva huigeuza tezi mbele, ndipo akanyage mafuta kuipunguza mwendo. Ukiwa na fedha za ziada, nunua feni ambayo mapanga yake hubadili pembe ili kurudi nyuma.

Swali: Basi kabini nayo si uzito wa bure? Boti za Florida ziko wazi.

Jibu: Florida haina upepo wa nyuzi -20. Hapa kabini inastahili uzito wake, hasa injini ikiwa ya rejeta, kwani maji yake ya moto huipasha joto. Changanya maji na glaikoli nusu kwa nusu. Hayagandi hadi karibu nyuzi -37. Matone ya maji ya ziwa nayo huganda kwenye usukani na mapanga, na barafu ikibanduka upande mmoja, feni hutetemeka. Hakikisha unayafikia kuyasafisha. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aipakie, aitumbukize, kisha aipandishe.