Vifaa vya kwanza vya kuzamia: ninunue nini?

Swali: Nimemaliza kozi ya kuzamia huko Nungwi. Ninunue seti nzima?

Jibu: Usikimbilie. Anza na miwani, maana uso wako si wa mwenzako. Iweke usoni bila kuvaa mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikinata, imekukaa; ikidondoka, irudishe hata kama ni ya bei mbaya. (Mwenye masharubu avumilie, maji hupenya tu.) Kioo kipya kisugue kwa ndani na dawa ya meno, la sivyo kitajaa ukungu. Kisha mapezi, na suti ya milimita 3, ambayo kwa maji yetu ya uvuguvugu inatosha wengi. Mtungi, jaketi la kuelea na kidhibiti hewa, kodi kwanza: kidhibiti kinahitaji fundi aliyesomea, na hapatikani kila mji.