Dawa za Asidi ya Tumbo: Kwa Nini Kiungulia Hurudi Ukiziacha Ghafla

Mkaazi wa Mwakirunge anaweza kumeza omeprazole kwa miezi kadhaa, akapata nafuu, kisha akaiacha siku moja. Muda si mrefu kifua kinaungua kuliko awali. Anarudi kwenye duka la dawa akiamini ugonjwa umezidi. Huenda si ugonjwa, bali ni kazi ya homoni iitwayo gastrini.

Gastrini hufanya nini?

Mtu akila, tumbo hutoa gastrini, nayo huliamuru tumbo litoe asidi ya kusaga chakula. Asidi ikitosha, gastrini hupungua. Omeprazole huzuia asidi. Tumbo likihisi asidi ni chache, huongeza gastrini, na hali hiyo ikidumu, seli zinazochochea asidi nazo huongezeka. Dawa ikikatwa ghafla, seli hizo hubaki bila kizuizi, na asidi hufurika kwa wiki kadhaa.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2009 ulihusisha watu 120 wasiougua tumbo. Miongoni mwa waliomeza dawa ya aina hii kwa wiki 8 kisha wakaacha, asilimia 44 walipata kiungulia au dalili zinazofanana nacho. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, ilikuwa asilimia 15.

Mambo ya kuzingatia

• Ukiwa umetumia dawa hizi kwa muda mrefu, muulize mhudumu wa afya jinsi ya kuzipunguza kidogo kidogo.

• Aliyewahi kutokwa na damu tumboni, au anayemeza aspirini kila siku, asiziache bila ushauri wa daktari.

• Pima kwanza. Vidonda vingi vya tumbo hutokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayetibiwa kwa antibiotiki, au dawa za maumivu kama diclofenac. Taja omeprazole kabla ya kupimwa, kwani huweza kumficha bakteria huyo. Kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, kwa ushauri wa mhudumu.

• Matumizi ya miaka mingi yanaweza kupunguza vitamini B12 na magnesi mwilini.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukishindwa kumeza au ukikonda bila sababu, usinunue vidonge zaidi. Nenda hospitalini mara moja.