Nani Hayumo Kwenye Picha?



Katika robo hii tunapenda kuwashirikisha somo ambalo sisi wenyewe tulijifunza kwa gharama. Linahusu picha za zamani za eneo letu, na jinsi picha hizo zilivyotusaidia kusema mambo ambayo tulikuwa tumeshindwa kuyasema katika mikutano ya wafanyakazi kwa miaka mingi. Tunaliandika kwa ajili ya vikundi, ofisi ndogo na mashirika kama letu, ambamo watu husali pamoja asubuhi, kisha mchana wanaogopana.

Sanduku la picha

Ofisi yetu iko Voi. Tulipokuwa tukijiandaa kuadhimisha miaka 25 ya kazi yetu, tulifungua sanduku la picha lililokuwa juu ya kabati la mhasibu. Tulitaka kuchagua picha kumi na mbili za kutundika ukumbini. Picha zilikuwa zaidi ya 140. Mkurugenzi wa kwanza yumo katika nyingi, na wageni kutoka ng'ambo wamo. Visima vimo, na mbuzi pia. Dereva wetu, aliyeajiriwa mwaka wa tatu tangu shirika lianze, tulimpata mara moja tu: kiwiko chake kimetokeza kwenye dirisha la gari, na mbele ya gari wamesimama wageni watano wakitabasamu.

Tulicheka, na yeye pia alicheka. Lakini mwenzetu mmoja hakucheka. Miezi mitano kabla ya siku ile alikuwa ndani ya gari lilelile liliposhindwa kusimama kwenye mteremko wa kutoka Wundanyi. Dereva aliliegemeza kwenye ukingo wa mlima badala ya kuliacha liende bondeni. Waliokuwamo walikuwa wanne pamoja na magunia ya mbegu za mtama. Mmoja alivunjika mguu, mwingine mbavu mbili. Taarifa yetu ya ajali ilikuwa na kurasa mbili, na ilisema kwamba chanzo ni hitilafu ya breki. Tuliipeleka kwa kampuni ya bima, tukamshukuru Mungu kwa kuwaokoa wenzetu, tukaendelea na kazi.

Picha za reli

Siku chache baadaye tulikuwa na kikao cha robo mwaka. Mwenzetu mmoja anayependa historia alileta nakala za picha za zamani za reli, kwa kuwa sisi tunaishi kando yake na watoto wetu hawajui ilivyojengwa. Tuliziweka mezani, tukazizunguka kama watu wanaotazama mchezo wa bao.

Kwa wasomaji wetu walio mbali na huku, tunaeleza kwa ufupi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, mwishoni mwa mwaka 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na maelfu wengine walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wamelemaa. Waafrika nao walifyeka njia, wakabeba mizigo na kuchimba udongo. Kazi ile ilipigwa picha nyingi, na anayejulikana zaidi miongoni mwa wapiga picha wake ni William D. Young. Katika picha za aina hiyo utaona madaraja, garimoshi na tuta jipya la udongo. Watu wamo pia, wamepangwa safu safu. Lakini ukisoma maandishi yaliyo chini, mara nyingi mhandisi ana jina, mto una jina, na wale wengine wote ni "makuli".

Picha iliyotushika zaidi ni ile ambayo wengi wenu mmewahi kuiona: Mwingereza J. H. Patterson akiwa na simba aliyemuua Tsavo. Patterson alifika Tsavo mwezi Machi 1898 kusimamia ujenzi wa daraja. Kwa muda wa miezi tisa simba wawili waliwavamia wafanyakazi usiku katika mahema yao. Hesabu za waliouawa zinatofautiana. Patterson mwenyewe, katika maandishi yake ya baadaye, alitaja watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba walioliwa ni kama 35. Simba wenyewe wako Marekani, katika Field Museum mjini Chicago, tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo tunajua simba wako wapi, na tunajua bunduki ilikuwa ya nani. Majina ya wengi walioliwa hatukuyapata popote kwenye karatasi zilizokuwa mezani.

Mwenzetu akatusimulia jambo ambalo Patterson aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907. Mwanzoni mwa Desemba 1898, kabla simba hata mmoja hajauawa, wafanyakazi walimwendea wakamwambia kwamba hawakubali kukaa Tsavo tena. Walikuwa wametoka India kufanya kazi ya serikali, hawakuja kuwa chakula cha simba. Treni ilipotokea, mamia yao walijilaza juu ya reli mpaka ikasimama, wakapanda na vitu vyao, wakaondoka. Kazi ya daraja ilisimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Waliobaki walijengewa mahali salama pa kulala.

Tulinyamaza kidogo. Kisha mlinzi wetu, ambaye katika vikao huwa anakaa karibu na mlango na hasemi, aliuliza: "Hawa mpaka wakalala relini, walikuwa wamekwisha kusema mara ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Ndipo dereva akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye picha: "Mimi nilisema mara mbili."

Ukimya unaopanda ngazi

Alieleza polepole. Mara ya kwanza alimwambia ofisa wa usafirishaji kwamba breki zinashika kwa kuchelewa. Aliambiwa gari litakwenda gereji wageni wakishaondoka. Mara ya pili, siku tatu kabla ya ajali, aliambiwa, "Wewe kazi yako ni kuendesha." Mara ya tatu hakusema. Alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia mlinzi mwingine alilalamika kuhusu taa ya lango iliyoungua, na mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Kama mambo hayo mawili hayakuhusiana, hakuna aliyewahi kuwaeleza wenzake sababu nyingine.

Ofisa wa usafirishaji alikuwamo chumbani. Tulidhani atajitetea. Alisema, "Ni kweli. Na mimi niliogopa kumwambia mkurugenzi kwamba hatuna gari la kuwapokea wageni." Mkurugenzi naye, baada ya muda mrefu, alikiri kwamba aliogopa kuwaambia wafadhili kwamba fedha za matengenezo zilikuwa zimetumika kwenye mafuta.

Hapo ndipo tulipoelewa taarifa yetu ya kurasa mbili ilikuwa picha ya namna gani. Breki zilikuwamo, gari lilikuwamo, mteremko ulikuwamo. Aliyesema mara mbili hakuwamo.

Hatutaki msomaji adhani kwamba tunamlinganisha mkurugenzi wetu na serikali ya kikoloni. Si hivyo. Lakini mazoea ya kazini hayaanzi siku tunayofungua ofisi. Tazameni maneno tunayotumia kila siku. Nyapara, katika misafara ya Wanyamwezi ya karne ya 19, alikuwa kiongozi na mtu mzima wa kuheshimiwa. Leo neno hilo linamaanisha msimamizi mkali, na hata mfungwa aliyewekwa juu ya wenzake gerezani. Kibarua ilikuwa karatasi ndogo aliyopewa mfanyakazi wa kutwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Na wazee wetu huku Kenya wanakumbuka kipande, ambacho kuanzia mwaka 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho, mara nyingi kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichofungwa shingoni. Mwajiri asipokitia sahihi, mtu hakuweza kuondoka kwa haki na kutafuta kazi kwingine. Babu aliyevaa kikopo kile alijifunza kunyamaza mbele ya mwenye kazi, na akawafundisha wanawe kwamba huko kunyamaza ndiyo adabu. Sisi tumerithi adabu hiyo, na wengine tumerithi kiti cha mwenye kazi pamoja na sauti yake.

Kama mnataka kulifanya somo hili

Anzeni na picha za mbali, za watu ambao hakuna aliye chumbani anayewafahamu. Hili ni la muhimu kuliko yote. Tungeanza na sanduku letu wenyewe, kila mtu angejilinda. Picha ya mwaka 1898 haimtishi mtu, kwa hiyo watu husema wanachokiona. Picha tatu au nne zinatosha kwa saa mbili. Zinapatikana katika makumbusho kama lile la Reli Nairobi na Fort Jesus Mombasa, na nyingi za misheni za zamani, zikiwamo za Kilimanjaro, zimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Southern California. Msisahau kabati za wazee wa mtaani. Ukiazima picha ya familia, omba ruhusa, piga nakala, na urudishe siku uliyoahidi.

Waacheni watu watazame kimya kwa dakika chache kabla ya kuambiwa chochote. Kisha waulizeni nani ameketi na nani amesimama, nani ana jina chini ya picha na nani hana, nani alilipia picha hiyo ipigwe, na nani alikuwapo siku hiyo lakini hayumo. Swali la mwisho ndilo linalozaa matunda. Katika kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea baadaye, tuliwaonyesha picha ya mwaka 1874 ya Susi na Chuma huko Uingereza, wale walioongoza msafara uliobeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Mama mmoja aliuliza, "Na njiani nani alikuwa anawapikia?" Ni swali zuri, na lina jibu: aliitwa Halima, na alikuwamo katika msafara ule. Picha za Uingereza hazina Halima.

Muwe waangalifu na maandishi ya zamani. Mengine yana matusi, mengine yamekosea kabila au mahali. Picha nyingine zilipigwa kwa kuwaaibisha watu, na hizo si za kutundika ukutani hata kama ni za kale.

Picha za ofisi yenu zije mwisho, ikiwezekana siku nyingine. Mkubwa wa kazi asiongoze kikao hicho. Na kabla ya kuanza, atamke mbele ya wote kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa atakalosema, kisha neno hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Kama hayuko tayari kulisema, ni afadhali somo liahirishwe, maana mtawafanya watu wafungue vifua vyao mbele ya mtu atakayewakomoa kesho.

Yaliyobadilika, na yasiyobadilika

Tulianzisha kitabu cha gari. Dereva anaandika kasoro, anaweka tarehe, na anayepokea anatia sahihi siku hiyo hiyo. Dereva akiandika kwamba gari lisitoke, halitoki, hata kama mkurugenzi ana safari. Jambo hili lilitugharimu mapema. Mwezi wa pili tangu tukubaliane, wageni wetu walisubiri Mombasa kwa siku nzima kwa sababu ya gurudumu, na baadhi yetu tulinung'unika waziwazi kwamba tumempa mtu mmoja mamlaka makubwa mno. Tuliandika taarifa mpya ya ajali, yenye kurasa tano, tukaituma kwa wafadhili pamoja na maelezo kuhusu fedha za matengenezo. Mfadhili mmoja alitujibu kwa ukali. Mwingine alituuliza kama anaweza kuitumia kufundishia.

Mlinzi ambaye mkataba wake haukuongezwa tulimtafuta na kumwomba radhi. Alitusikiliza, akatushukuru kwa kuja, lakini hakutaka kurudi.

Kuna jambo bado hatujalimaliza. Mama anayetupikia chai amealikwa kwenye vikao, lakini vikao vyetu vina mapumziko ya chai, na saa hiyo inapokaribia yeye hutoka. Tumejaribu kupokezana zamu ya kupika. Wanaume wawili wamekubali, na chai yao, tunasema kwa upendo, inahitaji maombi.

Picha kumi na mbili zilitundikwa ukumbini. Tulimwomba dereva apigwe picha moja mpya, akiwa katikati na sisi tukiwa pembeni. Alikataa kukaa katikati. Alikubali kusimama kando ya gari, boneti ikiwa wazi, kitabu mkononi. Jina lake tuliliandika kamili chini ya picha ile, lakini hapa hatulitaji kwa kuwa ameomba hivyo. Kitabu chenyewe kimefika ukurasa wa 31. Jumatatu iliyopita aliandika kwamba taa ya nyuma upande wa kushoto ni hafifu, na ilibadilishwa kabla ya saa kumi jioni.