Wale Mliosoma Nao Wako Wapi?

Somo: 2 Timotheo 4:9–21, Matendo 15:37–39

Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1973 na akastaafu mwaka 2007, wakati umri wa kustaafu ulikuwa bado miaka 55, kabla haujapandishwa hadi 60 mwaka 2009. Mimi ndiye niliyemfungulia WhatsApp. Namba moja ikaleta nyingine, mpaka wakapatikana wanadarasa 17. Wazee walifurahi sana! Kila asubuhi ni salamu, mzaha wa bweni, picha ya ng'ombe aliyezaa, na habari ya nani amelazwa wapi.

Sasa mimi nilisomea biashara. Nikaona watu 17 wanaongea kila siku na hakuna hata shilingi inayoingia. Nikamwambia Baba, "Mzee, hiki kikundi kingefaa kiwe chama." Nikawaandikia katiba: shilingi 1,000 kila mwezi, faini shilingi 100 ukichelewa, na orodha ya waliolipa inawekwa kwenye kikundi kila tarehe tano. Wakakubali. Mtoto wa mwenzao amesoma, tena ni pasta, nani angempinga?

Mwezi wa tatu mmoja wao akatoka. Walikuwa wakimwita Kengele, kwa sababu chuoni ndiye aliyegonga kengele ya asubuhi. Hakuaga. Simu ilionyesha tu kwamba ametoka. Kwenye orodha yangu alikuwa hajalipa miezi miwili, nikamwambia Baba, "Wengine hawana nia." Nikamwondoa kwenye hesabu, kazi ikaendelea.

Baadaye mwaka huohuo tukasikia ameshazikwa. Mjane wake alimwambia Baba kwamba pensheni yote ilikuwa ikiishia kwa dawa, na kwamba jioni mzee alikuwa akiuliza kama kuna mwenzake yeyote amepiga simu. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Pasta, ni nani kati yetu aliyempigia?"

Sikuwa na jibu. Nilienda kusoma 2 Timotheo 4 kama mtu ambaye hajawahi kuisoma.

1. Paulo anajua kila mtu aliko. Ni mzee, amefungwa, na anaona safari yake inaisha. Lakini hebu ona anavyohesabu watu wake: Dema ameenda Thesalonike, Kreske Galatia, Tito Dalmatia, Tikiko ametumwa Efeso, aliyebaki ni Luka peke yake. Ni kama mwalimu anayesoma rejista. Hata Dema, aliyemwacha, bado yumo. Mimi nilifuta jina la mtu kwa sababu ya shilingi 2,000.

2. Paulo anakubali kwamba anahitaji watu. Katika mstari wa 17 anashuhudia kwamba Bwana alisimama pamoja naye. Na bado anamwomba Timotheo aje upesi, amletee joho na vitabu, tena afike kabla ya baridi. Kumhitaji rafiki si upungufu wa imani. Mzee wako nyumbani ana watoto na wajukuu, ni kweli, lakini ni wachache waliobaki wanaomkumbuka kabla hajawa baba ya mtu. Kwa hao hana haja ya kujieleza. Akiongea nao kwa simu anacheka kicheko ambacho sisi watoto hatukijui.

3. Paulo anamwita tena Marko. Huyu ndiye aliyefanya Paulo na Barnaba wagombane mpaka wakaachana njia. Sasa Paulo anasema aletwe, maana anamfaa. Pengine kuna mliyekosana naye mwaka 1980 juu ya deni au uchaguzi wa kamati, na nyote wawili sasa mnatembea na bakora. Mnangoja nini? Baridi inakuja.

4. Aliyetumwa ni kijana. Timotheo ndiye anayepaswa kusafiri, kumchukua Marko, kupitia Troa kwa Karpo kuchukua lile joho. Vijana, hii ni kazi yetu. Mzee anaweza kuwa na namba kwenye daftari lakini macho hayaoni. Anaweza kukosa kredo na akaona haya kukuomba.

Wale wazee walivunja chama. Pesa iliyokuwepo walimpelekea mjane, nami nikaenda nao kuomba msamaha. Sasa kikundi kina sheria moja tu, na aliyeiandika ni Baba: mtu akinyamaza siku tatu, anapigiwa. Si kuandikiwa, ni kupigiwa, asikie sauti. Wiki jana walimpigia mmoja, kumbe simu yake ilianguka kwa ndoo ya maziwa. Walicheka siku nzima.

Chama si dhambi, wapendwa. Lakini urafiki wa uzeeni usiwe na kiingilio.

Kazi ya wiki: Ukiwa mstaafu, mpigie mmoja aliyenyamaza. Ukiwa kijana, keti na mzee mmoja, muulize alisoma na nani, kisha mtafutie namba.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa wale tuliowafuta. Tukumbushe majina yao leo, kabla ya baridi. Katika jina la Yesu, amina.